Nyerere wa Watoto wa Buha: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi za Kibondo na Kasulu.

YAH: KITABU CHA ZIADA KUHUSU MAISHA YA MWALIMU NYERERE KWA WATOTO WA BUHA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ndugu walimu,

Mtoto wa darasa la tatu katika shule za Murungu, hapa Kibondo, humjua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa sura kabla hajaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Humwona kwenye noti ya shilingi 1,000 anapotumwa dukani, humwona ukutani katika ofisi za serikali, na kila ifikapo tarehe 14 Oktoba shule hufungwa kwa heshima yake. Akifika darasa la tano huwa ameshakariri: alizaliwa Butiama mwaka 1922, aliongoza chama cha TANU, alituongoza kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, akaunganisha Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Yote hayo ni kweli, na kila mtoto anapaswa kuyajua. Lakini mwulize swali moja zaidi: mtu huyu aliamua jambo gani lililofanya nyumba za vijiji vyetu zijipange kando ya barabara, badala ya kutawanyika milimani kama zamani? Hapo hana jibu, ingawa jibu liko kwa babu yake aliyeketi uani. Pengo hilo ndilo lililonifanya niwaandikie.

Ombi langu ni hili. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala mpya, na Taasisi yenu ndiyo inayotayarisha vitabu vya kiada na kusimamia ubora wa vile vya ziada. Naomba kiandaliwe kitabu kidogo cha ziada cha maisha ya Mwalimu kwa ajili ya watoto wa Buha, yaani nyanda hizi za juu za Kigoma, nacho kiandikwe kwa kufuata maamuzi yake: alikuwa mbele ya jambo gani, njia zipi zilikuwa wazi, alichagua ipi, nani alimpinga, na matokeo yakawa nini hapa tunapoishi. Orodha ya tarehe na sifa humwonyesha mtoto mtu aliyekamilika tangu tumboni mwa mama yake. Mtoto hawezi kujifunza uongozi kwa mtu wa namna hiyo, kwa sababu hamwoni akisita, akikosea, wala akishawishiwa na wenzake. Anachoweza kufanya ni kumpigia makofi tu. Uamuzi, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo hata mtoto wa miaka kumi na moja analifahamu, maana naye huamua kila siku: aseme au anyamaze, agawe au abane, akubali kushindwa leo ili ashinde kesho au agome kabisa.

Utoto wa Mwalimu usituchukue kurasa nyingi, ila kuna jambo moja ndani yake linalomhusu sana mtoto wa Kibondo na Kasulu. Kambarage alianza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Nyumbani kwao lugha ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni, na Kiingereza baadaye. Watoto wetu wengi huingia darasa la kwanza na Kiha, wakakutana na Kiswahili cha vitabuni wakiwa bado hawajakizoea, na wapo wanaodhani kwamba kuchelewa huko ni upungufu wa akili. Waambiwe kwamba mtu aliyekuja kutafsiri tamthilia za Shakespeare, akatoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye aliingia darasani na lugha ya mama yake peke yake. Waambiwe hivyo bila kuongeza neno. Watajaza wenyewe.

Baada ya hapo kitabu kiingie kwenye maamuzi. Ningeanza na lile la mwaka 1955. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu, akachaguliwa kuongoza chama cha Tanganyika African Association (TAA) mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliambiwa achague, ama ualimu ama siasa. Ualimu ulikuwa na mshahara na nyumba, ilhali TANU wakati huo haikuwa na uhakika hata wa nauli ya rais wake. Alikuwa na familia. Alijiuzulu, akarudi kwao Butiama, na kwa muda akapata kipato kwa kumfundisha padre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Miaka saba baadaye, tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akaacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kukijenga chama mikoani. Na tarehe 5 Novemba 1985 akakabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi. Mara tatu mtu mmoja anaacha kiti. Mtoto akiziweka mara hizo tatu pamoja ataona jambo ambalo picha ya ukutani haiwezi kumwonyesha. Ataona pia, kama mwalimu wake hatamfunga mdomo, kwamba kati ya 1961 na 1985 kuna miaka 24, na kwamba chini ya chama kimoja kura ya rais ilikuwa na jina moja, ndiyo au hapana. Je, kuachia baada ya miaka 24 ni mapema au ni kuchelewa? Swali hilo watoto wa darasa la sita wanaweza kulijadili kipindi kizima, na wakatoka wakimheshimu Mwalimu zaidi, kwa kuwa watakuwa wamepima wenyewe.

Uamuzi wa pili ambao ningeupa nafasi kubwa ulifanyika Tabora, mji ambao reli ya kati imeuunganisha na Kigoma tangu enzi za Wajerumani. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana huko kujadili uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mzungu, Mwasia na Mwafrika, na haki ya kupiga kura ikafungwa kwa masharti ya kipato na elimu. Katika nchi ambamo Waafrika walikuwa karibu watu wote, wangepata theluthi moja ya viti vile. Wajumbe wengi walikwenda Tabora wakiwa wameshakata shauri kususia. Mwalimu akasimama kutetea kuingia katika uchaguzi ule mbovu, kwa hoja kwamba wakisusa viti vitachukuliwa na wengine na uhuru utachelewa. Akawashawishi. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha African National Congress. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Hapa pana somo zima la uraia: kiongozi anayewaambia wenzake jambo wasilotaka kusikia, mpinzani anayekataa kwa sababu zinazoeleweka, na matokeo ambayo hakuna mtu katika ukumbi ule aliyeyajua kabla. Lakini tukimsimulia mtoto kwa sentensi moja, kwamba TANU ilishinda uchaguzi wa 1958, tumemnyima yote hayo. Mtemvu asiandikwe kama adui. Aliona dhuluma ya ubaguzi wa rangi na akaiita kwa jina lake. Darasa ligawanywe nusu kwa nusu, nusu wamtetee Mtemvu na nusu Nyerere, kisha wabadilishane.

Sasa nifike nyumbani. Historia ya uhuru, kama inavyosimuliwa kwa kawaida, huanzia Dar es Salaam na mara nyingi huishia huko. Kwa mtoto wa Buha haina budi kuanzia kwa wanaume waliokwenda manamba. Chini ya Waingereza nchi hii ya Waha iligeuzwa hifadhi ya vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, mazao ya kuuza yalikuwa machache, na mawakala wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, wakawaandikisha vijana na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Karibu kila ukoo wa hapa una jina la mtu wa namna hiyo. Mtoto akielewa hilo, neno uhuru litakuwa na uso wa babu wa babu yake, na ataelewa kwa nini mwalimu wa shule kutoka Butiama alisikilizwa na watu ambao hawakuwa na undugu naye wowote.

Halafu kuna suala la vijiji, na hapa ndipo kitabu kinachoandikwa kwa ajili ya watoto wa Kibondo na Kasulu kitakapojulikana kama ni cha kweli. Wahenga wetu waliishi wametawanyika, kila mji na migomba yake kilimani. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wengi wa Buha katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Watu walihamishwa kwa amri, pori likaachwa nyuma yao. Miaka karibu 40 baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma, na safari hii amri ilitoka kwa serikali yetu wenyewe. Watu wakashushwa tena, wakapangwa kando ya barabara katika vijiji. Waliokuwa watoto mwaka 1933 walihama mara ya pili wakiwa watu wazima wenye familia. Ni sehemu chache za nchi zenye kumbukumbu kama hii, na ni ajabu kwamba tunawafundisha watoto maisha ya Nyerere kama kwamba sera yake kubwa kuliko zote haikupita katika uwanja wa nyumba zao.

Mtoto apewe hatua zake kwa mpangilio, maana ndipo fundisho lilipo. Februari 1967 linatangazwa Azimio la Arusha. Septemba mwaka huo huo Mwalimu anaandika juu ya ujamaa vijijini, na anasisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu, lazima watu waingie kwa hiari yao. Mwaka 1972 inakuja Operesheni Kigoma. Novemba 1973 anatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekamilika ifikapo 1976. Kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Kutoka hiari hadi amri ni miaka sita. Nini kilimbadilisha mtu yule yule? Je, aliona watu wanachelewa, na ukame na njaa havisubiri? Je, alisukumwa na viongozi wa mikoa waliotaka kuonyesha takwimu? Je, aliamini kwamba shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfikia kila mtu kilimani kwake? Kila jibu kati ya hayo lina kiasi fulani cha ukweli, na mwalimu hahitaji kutaja moja kuwa ndilo sahihi. Anahitaji tu kuhakikisha kwamba mtoto hajifunzi nusu: asijifunze kwamba vijiji vilileta shule bila kusikia kwamba kuna watu walioacha mihogo shambani na nyumba zikavunjwa, wala asijifunze kuhusu nyumba zilizovunjwa bila kusikia kwamba shule anayosoma yeye pengine isingekuwapo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Madarasa hayo yalijengwa wapi? Katika vijiji hivyo hivyo.

Naona somo hili likifundishwa hivi. Mwanafunzi wa darasa la sita anapewa karatasi yenye maswali manne ya kumpelekea mzee mmoja wa kitongoji chake: kabla ya operesheni mliishi wapi, nani alikuja kuwaambia mhame, mlichukua nini na mkaacha nini, na leo unaonaje. Anaandika majibu kwa Kiswahili hata kama mzee amejibu kwa Kiha. Mwanafunzi wa pili anamwuliza mzee mwingine, na ikiwezekana bibi, kwa sababu wanawake ndio waliochota maji na kutembea kwenda mashamba yaliyobaki mbali, na kumbukumbu yao ya kuhama ina mambo ambayo wanaume hawayasemi. Wakirudi darasani karatasi zinalazwa juu ya meza. Mzee mmoja anasema walipewa wiki, mwingine anasema siku. Mmoja anataja lori, mwingine anasema walibeba vichwani. Mwalimu anawauliza: tuamini lipi, na kwa nini? Hapo watoto wanaanza kufanya kazi ya mwanahistoria. Wakitaka kwenda mbali zaidi, waende na mwalimu hadi kwenye mahame, waone mawe ya kusagia na miti iliyopandwa na mikono ya watu, na wachore ramani ya nani aliishi wapi. Hakuna mkoa mwingine utakaowaazima ushahidi huu, na wazee wenyewe hawatabaki nasi muda mrefu: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 ameshavuka 70.

Kuna sura moja zaidi ambayo watoto wa hapa wangeielewa kuliko watoto wa Dar es Salaam au Arusha. Mtoto wa Kibondo anaijua kambi ya Nduta, na wa Kasulu anaijua Nyarugusu, ambayo imekuwapo tangu 1996. Anajua kuna watu waliokuja kutoka Burundi na Kongo, anasikia watu wazima wakiwazungumzia, mara kwa huruma mara kwa hasira, na lugha ya Warundi anaielewa kwa sehemu kubwa kwa sababu inafanana na yake. Maisha ya Mwalimu yanampa njia ya kulitazama jambo hili. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yalipoleta maelfu ya watu, serikali yake iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mwaka 1980 ilitoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa Tuzo ya Nansen. Akiwa amestaafu, kuanzia 1996 akasimamia mazungumzo ya amani ya Burundi, na nchi jirani zikaiwekea serikali ya Burundi, chini ya Buyoya, vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999, jambo ambalo wengi walilipinga kwa sababu liliwaumiza raia wa kawaida. Alifariki kabla ya mkataba wa amani kufikiwa. Nelson Mandela akaichukua kazi hiyo, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2015 watu wakakimbia tena kutoka Burundi, na Nduta ikafunguliwa upya. Mtoto anayeishi karibu na kambi ana haki ya kujua kwamba mtu aliye kwenye noti alitumia miaka yake ya mwisho kwa ajili ya majirani zake hao, na kwamba kazi ile haikuisha.

Najua yatakayosemwa dhidi ya pendekezo hili, na baadhi yake ni mazito. La kwanza ni umri. Watasema mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba mjadala wa operesheni na vikwazo, na kwamba anachohitaji kwanza ni mfano wa kuigwa. Ni kweli kwamba huwezi kumwekea mtoto kila kitu mezani siku moja. Kwa hiyo darasa la tatu na la nne lipate utoto wake, shule yake na kuacha kwake kazi mwaka 1955. Kura tatu zije darasa la tano, vijiji na wakimbizi vije darasa la sita. Ila tusijidanganye kwamba tukinyamaza mtoto hatasikia. Wazee wake huzungumza mbele yake. Akisikia nyumbani kwamba babu alivunjiwa nyumba, na shuleni akaambiwa kwamba Baba wa Taifa hakukosea kamwe, atajifunza jambo baya kuliko kosa lenyewe: kwamba shule haisemi kweli. Mfano wa kuigwa unaoanguka siku mtoto anapopata akili haumsaidii yeye wala haumheshimu Mwalimu.

La pili ni heshima, na hili linawagusa hasa waumini, ambao kwetu ni wengi. Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri mwaka 2005, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wapo wanaohisi kwamba kumchambua mtu wa namna hiyo mbele ya watoto ni utovu wa adabu. Lakini tazameni jinsi Kanisa lenyewe linavyofanya. Halimtangazi mtu kwa sababu anapendwa. Linaita mashahidi, linakusanya maandishi yake, linawasikiliza hata waliomlaumu, na kuna afisa ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba yaliyo dhidi yake hayafichwi. Kama taasisi inayotaka kujua utakatifu wake haiogopi ushahidi, darasa la tano linaogopa nini?

La tatu ni umoja wa taifa. Hoja ni kwamba Nyerere ndiye anayetufunga pamoja, Waha na Wasukuma, Waislamu na Wakristo, Bara na Visiwani, na ukimgusa umegusa fundo. Naipa hoja hii uzito mkubwa, na nisingependa kitabu kinachomkejeli au kinachotafuta kashfa. Kuna watu siku hizi wanaoandika kana kwamba kumbomoa ndiyo ujasiri, na wanamfanyia mtoto kosa lile lile kutoka upande mwingine, kwa sababu nao wanampa hukumu bila ushahidi. Ila umoja tulionao haukujengwa na mtu asiyeulizwa. Ulijengwa na watu waliobishana. Bibi Titi Mohamed alihamasisha wanawake kwa maelfu kujiunga na TANU wakati Mwalimu mwenyewe alikuwa bado hajulikani mitaani. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972, na leo Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, na Mwalimu mwenyewe alikuwa akieleza kwa nini aliona inahitajika. Mtoto anayejua kwamba taifa lilipita huko na bado likabaki moja ana sababu ya kuliamini kuliko yule aliyeambiwa kwamba hapakuwa na ugomvi wowote. Na kwa upande wa Kasulu, isisahauliwe kwamba alikuwapo mwanamke mtawala, Mwami Theresa Ntare wa Heru, na kwamba utemi ulifutwa na serikali ya Mwalimu baada ya uhuru. Kwa nini ulifutwa, na nani alipoteza nini, ni uamuzi mwingine wa kujadiliwa.

La nne ni mtihani, na walimu ndio watakaolisema. Baraza la Mitihani huuliza tarehe na majina, na vipindi ni vichache. Ni kweli, na sitawalaumu walimu kwa kufundisha kile ambacho watoto wao watapimwa nacho. Ndiyo maana barua hii inaanza na Taasisi. Kitabu kikiwa na ithibati, na mwongozo wa mwalimu ukionyesha jinsi uamuzi wa Tabora unavyobeba tarehe zote zinazotakiwa, mwalimu hatalazimika kuchagua kati ya mtihani na maarifa. Mtoto aliyebishana kuhusu kura tatu hasahau mwaka 1958.

Tena hatuna haja ya kuogopa kwamba Mwalimu angechukizwa. Yeye mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliitaka elimu yetu imjenge mtu awe mwenye kudadisi, awe na uwezo wa kujifunza kwa wengine na ajiamini. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha na akakiri waziwazi kwamba nchi ilikuwa bado haijafika kwenye ujamaa wala kujitegemea. Mwaka 1984, akihojiwa, alisema kuna mambo ambayo kama angeanza upya asingeyafanya, akataja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Mtoto wa Kibondo anayepita mbele ya kibao cha Halmashauri ya Wilaya anaweza kuambiwa kwamba halmashauri hizo zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa miaka ya 1980 wakati Mwalimu angali rais, na kwamba aliyezifuta ndiye aliyesema baadaye kuwa alikosea. Ni viongozi wangapi wa Afrika wametuachia ukurasa kama huo? Nasi tunauficha kwa kudhani tunamlinda.

Nyenzo zipo. Wasomi watatu wa Tanzania, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, walitoa mwaka 2020 wasifu wake katika vitabu vitatu, kazi ya miaka mingi ambayo mwandishi wa vitabu vya watoto anaweza kuifuata kama njia. Hotuba zake zimehifadhiwa. Makumbusho yake yapo Butiama. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kuyaandika haya kwa Kiswahili chepesi cha mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kiha, pamoja na picha na ramani za nyanda zetu, na mtu huyo mngempata mkitangaza.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba mambo matatu. Taasisi iwaite waandishi wa mkoa wa Kigoma wawasilishe miswada ya kitabu hiki, kisichozidi kurasa 64 ili shule iweze kukinunua. Mswada utakaochaguliwa ujaribiwe darasani kabla ya kupewa ithibati, katika shule moja ya Murungu na nyingine ya Kasulu, na watoto wenyewe waseme ni wapi hawakuelewa. Na karatasi za mahojiano ya wazee zitakazopatikana kwenye majaribio hayo zitunzwe, nakala moja shuleni na moja katika maktaba ya wilaya au ofisi ya elimu. Kwenu walimu ombi ni dogo zaidi, wala halihitaji kusubiri kitabu: kabla ya tarehe 14 Oktoba ijayo, wapeni watoto maswali yale manne waende nayo nyumbani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Murungu, Kibondo